Wati Thelathini na Tano

Kompyuta yangu ni ndogo, inatosha kwapani
kama mkate mweusi wa huku Kaunas.
Niliinunua kwa benki iliyokuwa ikihama;
ubavuni bado ina kibandiko: mali nambari 0417.

Mimi ni mchora ngazi.
Si ngazi za vyeo, ngazi za mbao,
za kupandia darini kwa watu wenye dari.
Mteja siku hizi hataki mistari. Anataka picha,
mwanga uangukie kipandio cha tatu
kama saa nne asubuhi, mwezi wa tano.
Picha moja, dakika arubaini na moja.
Nimepika viazi, nimevila, nimeosha sufuria,
na ule mstari wa kijani haujavuka nusu.

Jumamosi nikamwendea Algimantas,
anayeuza prosesa katika trei za mayai:
kila shimo chipu moja, tumbo juu,
dhahabu ikimeremeta kama meno ya shemeji
aliyerudi juzi kutoka ng'ambo.

"Hii ina viini sita," akasema,
"na inaingia tundu lako lile lile."
Nikaipenda. Nani asiyependa sita kwa bei ya nne?
Akaniacha nitabasamu kwanza, ndipo akamalizia:
"Inaingia, ila ubao wako hautaitambua.
Utawasha, utaona giza."

Kumbe kuingia si kukaribishwa.
Hilo nililijua tangu Krismasi ya kwanza kwa wakwe.

Zikabaki mbili, kizazi kimoja, viini vinne vinne.
Ya kwanza wati sitini na tano, ina haraka, inajisikia.
Ya pili wati thelathini na tano,
na herufi moja tu mwishoni mwa jina,
nyembamba kama mguu wa sisimizi,
ya kusema: mimi hujizuia.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti.
Adapta yangu yote ni wati sitini na tano;
chipu ikizila zote, diski ile nini?
Feni izungushwe kwa dua?
"Chukua na adapta ya tisini," akasema. "Euro kumi na mbili."
Pochi ilishafunguka nusu.

Kilichonishika mkono haikuwa adapta.
Daiva hurudi kutoka wodini saa mbili asubuhi,
ananuka spiriti, anavua viatu kwa kukanyaga visigino,
analala hatua tatu kutoka mezani pangu.
Chumba chetu ni kimoja,
na pazia si ukuta.
Feni ndogo ikitwishwa moto mkubwa
hulia kama mbu aliyesomea uimbaji.

Nikachukua ile ya thelathini na tano.

Jumapili: bisibisi, mikono nimenawa mara mbili.
Gundi ya joto, tone la ukubwa wa punje ya dengu.
Pembetatu juu ya pembetatu.
Nikashusha wenzo, ukalia kama mfupa unaovunjika;
ndivyo unavyofunga, lakini moyo haujui.
Kitufe.
Giza.
Giza bado, nikamkumbuka Algimantas kwa ubaya,
kisha nembo.

Ngazi ya akina Žemgulys: dakika kumi na tisa.
Ile nyingine, nakisia, ingemaliza kwa kumi na tatu.
Dakika sita. Najua zilipo:
ziko nyuma ya pazia,
mguu mmoja nje ya blanketi,
soksi imetoboka kidole gumba.

Lakini nisijifanye mtakatifu.
Jumamosi iliyofuata nilipita tena, kununua betri tu,
nikauliza kama ile ya sitini na tano bado ipo.
"Imeshakwenda," akasema. "Jana."
Nikasema, vizuri.
Nikahesabu chenji yangu, nikafika mlangoni,
nikarudi kumuuliza imekwenda kwa nani.