Fungu la Kutu

Hesabu ilitoa milimita tano.
Bamba la tano linahimili yote: shinikizo, joto,
na tani sita za maji ya chumvi yakitokota tumboni.
Nikaandika nane.

Swafia wa uhasibu akaizungushia kalamu nyekundu.
"Hizi tatu za nini?"
Za kuliwa.
"Na nani?"
Nikamfungulia dirisha. Nje, madimbwi ya Gongoni,
meupe hadi macho yanauma,
na lango tulilolipaka rangi Mfungo Tatu;
leo ni Mfungo Tano tu, limeshatoka vipele.
Chumvi, Swafia, haingoji kukaribishwa.
Usipoipakulia, hula na sahani.
Afadhali nipakue mwenyewe, nijue kiasi:
robo milimita kwa mwaka, miaka kumi na miwili.
Baada ya hapo atapima mwingine,
na pengine unene wangu mimi nao utakuwa umekwisha.

Alinipa mbili. Bei ya chuma, alisema.
Miaka minane, basi. Nikasahihisha mchoro
kwa kifutio na kinyongo.

Alasiri nikashuka karakana na utepe
kumpima Mwaringa mabega.
Yeye ndiye huingia humo kila mwezi, chombo kikishapoa,
kukwangua ukoko kwa patasi;
hupenya tundu la inchi kumi na sita
mkono mmoja mbele, mmoja umebanwa ubavuni,
fulana ikibaki na rangi ya ukuta.
"Unanipimia sanda?"
Mlango, nikasema. Wa kutokea.
Akabana pumzi ili apungue, adabu ya mtu kwa fundi cherehani.
Nikamwambia hapana, pumua
kama umesikia vali imelia na wewe ungali ndani.
Utepe ukaongezeka vidole vinne.

Tundu pana huudhoofisha ukuta.
Ulichokitoa katikati sharti ukirudishe kandoni:
pete ya chuma kuuzunguka mdomo, kilo arobaini,
haichemshi kitu, haizai hata punje ya chumvi.
Nikaichora. Inchi ishirini na nne.
Pembeni, badala ya namba ya kipuri,
mkono wangu uliandika *Mwaringa*, nami sikufuta.

Jumatatu karatasi zikarudi.
Juu ya ile pete palikuwa na wino mwekundu,
mwanzo wa duara,
ukakatika njiani.