Waya wa Kurudi

Boti ililetwa juu ya trela hadi Luchelele,
nyeupe, ubavu umechubuliwa na mawe yetu,
na mwenyewe, Rwehumbiza wa mashine ya barafu Kirumba,
akanihesabia kwa vidole: spika nane,
taa za buluu zinazocheza na besi,
kitu cha kusikika, dada fundi, hadi Kamanga.

Nilianza kwa kufungua alichofunga mwenzangu.
Simtaji. Fundi hamsemi fundi akiwa hayupo,
ila waya zake zilijisemea:
nyekundu imeungwa kwa nyeusi, nyeusi kwa kijani,
tepu imelainika kama jojo juani,
na kila pembe wale wadudu wa ziwa
walioinuka juzi kama moshi, leo unga mkavu.
Ndoo nzima.
Nilipoinyanyua, ilikuwa nzito kuliko redio mpya.

Nikamwambia: Mzee, spika mbili.
Mbili, ampulifaya moja, redio isiyoogopa maji.
Akacheka, akamgeukia binti yake Kokubanza,
ndiye anayesimama juu ya ubao huko nyuma,
mita ishirini za kamba, magoti yamekunjwa.
Binti akasema tu: Mimi nasikia injini.
Siku zote injini.

Basi.

Gari ni rahisi. Gari ni chuma;
gusisha hasi popote mwilini mwake,
umeme utajua wenyewe njia ya nyumbani.
Boti ni faiba. Boti haina ardhi.
Kila waya uendao unadai waya wa kurudi,
bega kwa bega mpaka kwenye betri,
na pale mlangoni, shubiri moja isizidi, fyuzi:
kiuzi kilichokubali kukatika
ili pasiungue kitu kingine.

Hili nililijua kwa hasara.
Mwaka wangu wa kwanza, mtumbwi wa Magesa, Igombe,
niliirudisha hasi kwa njia ya mkato.
Tulisikia harufu kabla ya kuona moshi.
Namlipa mpaka leo, elfu ishirini kila mwezi,
na hanikumbushi,
na kule kutonikumbusha ndiko kunakoniamsha usiku.

Kwa hiyo napima mara tatu kwa boksi la sabuni,
nakata duara, nalishikiza ukutani, nalitazama,
naliondoa, naenda kunywa chai.
Faiba ukishaitoboa imetoboka.
Siku ya pili mchana natoboa. Matundu mawili.
Raba, silikoni, skrubu zisizoshika kutu,
waya umebanwa kila baada ya shubiri
usije ukachezacheza na mawimbi ukajichuna ngozi.
Ukiingia ndani ya boti huoni kitu.
Rwehumbiza aliingia, hakuona kitu, akauliza:
Siku mbili ulikuwa unafanya nini?

Tukawasha. Safi.
Tukawasha injini: mbu.
Mbu mmoja ndani ya spika zote mbili,
ukiongeza moto anapaa, ukipunguza anashuka.
Mzee akanitazama kwa jicho la risiti.
Nikalala kifudifudi chini ya usukani, tochi mdomoni,
nikaona kosa, na ni langu:
waya wa sauti nimeulaza kitanda kimoja na waya wa moto.
Nikauhamishia ubavu wa pili.
Mbu akafa.

Tulijaribia nyuma ya Saanane.
Redio haikutupigia hata muziki;
ilikuwa ikisoma bei ya dagaa wa Ukerewe,
ndoo kwa ndoo, sauti ya mama mmoja aliyechoka,
na Kokubanza akaanguka, ubao ukaruka peke yake,
mzee akazima injini kwa hofu.

Majini, mbali, kichwa kikaibuka.
Kikapiga kelele: Baba! Dagaa wamepanda!

Alinilipa yote, kasoro elfu tano za ubishi.
Pale pale gatini, mikono bado ina silikoni,
nilimtumia Magesa arobaini.
Akajibu kwa ujumbe wa neno moja:
Redio?