Bizari ya Kwenu

Nyumba yetu ya Jibru iliegemea mlima
kama mgonjwa anavyoegemea ukuta,
na mlima wenyewe mwamba mtupu, rangi ya chai iliyolala.
Mchana kutwa ulikunywa jua la Matrah,
usiku ukatutemea.

Basi tulilala juu, kwenye sakafu,
mama akichovya shuka ndani ya ndoo, akizikamua,
akitufunika nazo mbichi mbichi.
Mtaa mzima ulikuwa juu.
Tulijua kikohozi kipi ni cha nani.
Bi Gulbibi alipogombana na mumewe kwa Kibalushi
hatukuelewa hata neno,
ila tulijua nani ana haki.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa.
Miaka saba, ndara mguu mmoja,
ya pili ilishatafunwa na mbuzi.
"Kalete bizari," mama alisema, mwiko mkononi,
"mbio, kitunguu kinaungua!"
Nikashuka ngazi thelathini na moja,
nikapita mlango wa kijani wa mshona kofia,
nikapita chini ya kiyoyozi cha kwa Muhsin
kilichodondosha maji mchana na usiku
(hapo lazima nisimame, nikinge utosi),
mpaka kwa Moidini, mtu wa Malabari,
aliyefungia kila kitu kwenye gazeti.
"Bizari," nikasema.
Akanipa unga wa kahawia wenye harufu ya kila kitu.

Mama akafungua gazeti, akaguna.
"Ndiyo nini hii? Nimesema bizari. Ya pilau!"
Kitunguu kilikwisha kuwa mkaa.
Nikarudi. Ngazi, mlango wa kijani, tone la utosi.
Nikasema bizari kwa sauti kubwa
kana kwamba Moidini ni kiziwi.
Akachota ile ile.
Nyuma yangu wanawake wakacheka ndani ya mitandio:
hiyo ndiyo bizari, mtoto, hakuna nyingine.
Wa nani huyu?
Mmoja akajibu, wala si kwa ubaya:
wa wale Wazinjibari.

Nikapanda juu ya gunia, nikanyoosha kidole:
ile pale, mbegu nyembamba, kwenye kopo la maziwa.
"Aaa," akasema Moidini, "kamuni!"
Na tangu siku ile, kila nilipochomoza,
kabla sijafungua mdomo,
aliniuliza kwa Kiswahili alichokiokota
kwa mama huyu na mama yule:
"Bizari ya kwenu, au bizari ya hapa?"

Ya kwetu, nilijibu. Nilijibu haraka,
baisa zikiniunguza kiganjani,
mimi niliyezaliwa hospitali ya hapo chini,
niliyeijua Unguja kwa manung'uniko ya mama
kila alipofungua nazi ya kopo.

Shuleni nilisema ya hapa.

Wadi iliposhuka mwaka ule, maji mekundu yenye mawe,
ilibeba mlango wa kijani, kuku wa Bi Gulbibi,
na daftari la madeni la Moidini.
Kulipokauka akapita nyumba hadi nyumba,
suruali imekunjwa, kalamu sikioni, daftari jipya:
"Andikeni wenyewe."
Mama akaandika riali nne na nusu.
Baba akanong'ona, zilikuwa tatu.
Mama akamwambia, nyamaza.

Sasa naishi Ghubra. Jikoni nina makopo mawili,
yote nimeyaandika bizari;
wanangu wanayatofautisha kwa pua.

Juzi nilipita Jibru. Dukani wanauza vifuniko vya simu,
na kijana aliyekaa hajapata kusikia jina la Moidini.
Ngazi nimezihesabu: ishirini na tisa.
Sijui mbili zimekwenda wapi.
Lakini kiyoyozi kwenye ukuta wa Muhsin,
kile kile au mjukuu wake,
kingali kinadondosha.
Mwanangu barabarani anapiga honi,
anapiga tena,
na mimi, mtu mzima na mkoba wangu,
nimesimama nimekinga utosi.