Safu ya Tatu

Naitwa Faida. Baba alinipa jina hilo
mwaka aliouza mbuzi watatu Kabare
akarudi na pesa ya wanne.
Ninauza sambaza soko la Kadutu,
kopo moja, na nyongeza ya vidole viwili.
Hesabu yangu hukaa kwenye ncha ya kitenge, nimeifunga fundo.

Lwaboshi alikuja msimu wa matope
na viatu visivyo na hata tone.
Hilo tu lingetosha. Sisi wote
tulikuwa tumevaa kilima hadi magotini.

Akafungua daftari. Akasema: mtaji.
Akasema: hisa, dhamana, gawio.
Maneno ya benki, yamenyooshwa kwa pasi,
nikayapisha njia kama msafara wa harusi.

"Sambaza hatari, mama."
Nikacheka. Sambaza ndiyo kazi yangu.
Yeye hakucheka. "Dola mia huku, mia kule."
Huku na kule vilikuwa mifuko ya koti lake,
wa kushoto na wa kulia.

"Mtaji wako utaiva siku tisini."
Kuiva nakujua. Ndizi unaibonyeza kwa dole gumba,
ikikubali, unamenya.
Hii nilibonyeza nini? Karatasi,
na muhuri wa ndege ambaye sijawahi kumwona akiruka.

Nshobole alilipwa wa kwanza: dola ishirini.
Tulimpigia vigelegele. Akanunua mchele, tukala wote.
Baadaye sana ndipo tukaikumbuka ile noti
yenye pembe iliyoungua:
ilikuwa ya M'Karhole, aliyeiokoa motoni
usiku nyumba za Nkafu zilipoteketea.
Tulikula mchele wa M'Karhole
naye akala pamoja nasi, akishukuru,
tukiuita gawio.

Siku ya tisini na moja: "Ukwasi umebana kwa muda."
Siku ya mia: "Soko linajirekebisha."
Siku ya mia na kumi: namba unayopiga haipatikani.
Hilo peke yake lilisemwa kwa lugha tunayoielewa.

Siyachukii yale maneno.
Kwenye likelemba yetu dhamana ilikuwa cherehani ya Nabintu:
unaigusa, ina baridi, inakuachia mafuta kidoleni.
Hisa ilikuwa fungu lako la maharagwe,
umesimama palepale likipimwa.
Hata Byamungu wa koperative, mtu mkavu, asiyejua utani,
akikupa riba anakuonyesha ilikotoka:
mkopo wa nani, wa lini,
na huyo asipolipa, nani ataumia.
Lwaboshi aliyajua maneno yote
ila moja. Hasara.
Hakulitamka hata kwa bahati mbaya.

Daftari limepatikana. Mwenyewe bado.
Inspekta ameniita, amelifungua mezani.
Safu ya kwanza, majina. Ya pili, pesa.
Ya tatu ina kichwa cha wino mwekundu: FAIDA.
Chini yake hakuna kitu, ukurasa baada ya ukurasa,
isipokuwa mstari mmoja wenye sahihi iliyopinda,
yangu.
Nilidhani wameniwekea mahali.

Anateremka na kalamu, polepole, hadi mwisho.
"Sasa mama, hii faida iko wapi?"

"Ni mimi hapa," nikasema,
nikaweka mkono mezani,
magamba ya samaki bado kwenye kucha.