Macho Manne

Macho hayana pazia, wanasema.
Haya yangu manne nimeyashonea turubai
kwa fundi mahema wa Buguruni,
vipimo nimechukua mwenyewe kwa tepu ya cherehani,
naye akauliza, "Mama, ni kitanda cha aina gani hiki?"

Celica. Ya mwaka tisini na nne.
Injini ya 3S, ile yenye turbo,
na tundu la hewa juu ya boneti
kama pua ya mtu aliyesikia pilau kwa jirani.

Bandarini walinitoza ushuru, nikalipa.
Wakanitoza tena, kwa uchakavu.
Nikamuuliza kijana wa dirishani, uchakavu ndio nini?
"Kuzeeka, mama."
Nikatazama mikono yangu juu ya kaunta.
Nikatoa kadi ya benki, nikanyamaza.

Kwenye droo ya dashibodi,
chini ya karatasi zenye maandishi nisiyoyajua,
nilikuta kibanio cha nywele, chekundu, cha mtoto.
Sijakitoa.
Mtoto yule pengine sasa ana wake,
hajui kibanio chake kinaishi Tabata,
kinasikiliza mwadhini na jenereta ya saluni.

Baba alipaka rangi magari ya watu, Gerezani,
miaka thelathini na moja,
na baiskeli yake haikuwa na breki.
Alinifundisha: bodi husomwa kwa kiganja.
Jicho linahongwa na mng'aro,
kiganja kinajua palipogongwa, palipojazwa puti,
palipoombewa radhi.
Siku niliyoipokea nilifumba macho
nikaipapasa toka taa hadi taa.
Mlango wa kushoto una siri.
Nimeinunua na siri yake.

Fundi Mkude huegesha bisibisi sikioni,
ncha kwenye injini, kidole mdomoni: nyamaza.
"Valvu moja inanung'unika."
Kipuri tukakitafuta miezi minne.
Cha Kariakoo feki, cha Dubai kila siku kiko njiani,
mwisho kikapatikana Moshi
ndani ya banda la kuku la mtu,
kimefungwa gazeti, kizima kama yai.

Wifi yangu Leokadia alihesabu kwa vidole:
"Hela hiyo ni kiwanja Kibaha. Kiwanja hakinywi mafuta."
Kweli. Wala kiwanja hakikohoi asubuhi
ukacheka peke yako kama mwehu.

Na kasi yenyewe niitumie wapi?
Malori ya Mandela, foleni ya Ubungo,
hamsini, hamsini, na tochi kichakani.
Nina farasi mia mbili na ushee
nawapeleka malishoni Jumapili, kumi na moja alfajiri,
njia ya Bunju, mji haujafunga vifungo vya shati.

Jumapili iliyopita, mbele ya Tegeta,
trafiki alinyoosha mkono.
Leseni. Bima. Mtungi wa kuzimia moto.
Nikavitoa vyote, kimoja kimoja.
Akaizunguka gari mara mbili, kofia mkononi.
"Fungua boneti."
Nikafungua. Tukasimama pale, yeye na mimi,
kama watu waliofika kumwona mzazi wodini.
"Kaka yangu alikuwa na picha yake,
bwenini Ifunda, juu ya kitanda.
Mimi nilikuwa naruhusiwa kuiangalia, sio kuigusa."
Kaka yuko wapi, hakusema. Sikuuliza.
"Washa."
Nikawasha. Ndege wakaruka kwenye waya.
"Zima."
Nikazima.
"Washa tena."

Faini hakuandika.
Kidole chake kilibaki kwenye rangi,
alama moja ya jasho karibu na taa,
nami niliyezoea kufuta hata pumzi ya paka
nikaiacha mpaka nyumbani.

Usiku, nikivuta turubai,
nikaona tone la oili sakafuni. Jipya,
jeusi, dogo kama punje ya ulezi.
Nikalitandikia kadibodi.
Kesho nitampigia Mkude.
Au keshokutwa. Acha kwanza nione
kwa usiku mmoja linadondoka mara ngapi.