Kuokota

Siku ya pili walinigeuza kama gogo,
muuguzi mmoja mabegani, mwingine nyongani,
moja, mbili, tatu, na dari ya hospitali ikawa ukuta.
Nikauliza, bado nina miguu?
Chezesha vidole, wakaniambia. Vikacheza.
Mama akalia hapo, si mapema, si baadaye.

Kwetu husema samaki mkunje angali mbichi.
Mimi sijui nani alinikunja.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sare ikaanza kuning'inia upande,
bega la kulia likapanda kama la mtu asiyejali,
na mwalimu wa michezo akaniuliza ninamringia nani.
Eksirei ilionyesha herufi S
iliyoandikwa na mtoto wa chekechea.
Sasa kuna vyuma viwili na skrubu ishirini na mbili;
mimi ni muwa wenye pingili moja ndefu.
Nimerefuka sentimita nne kwa siku moja.
Suruali zangu zote zimenikana.

Karatasi ya Bronagh, yule wa mazoezi ya viungo,
imebanwa kwenye friji kwa sumaku ya ndizi:
usiiname, usijipinde, usinyanyue kinachozidi birika.
Birika la nani? Mama hupika chai ya watu kumi.
Shaame, mdogo wangu, hudondosha soksi makusudi
aone mkono wa plastiki unavyong'ata.
Anauita Kaa. Kaa kaleta soksi. Kaa kaleta rimoti.
Kaa kashindwa na kidonge kimoja cheupe chini ya kitanda,
na siku hiyo nililia, kwa ajili ya kidonge.

Wiki ya kwanza, kitandani hadi chooni.
Ya tatu, hadi nguzo ya taa na kurudi,
kisha usingizi wa mchana kama niliyelima.
Walkley yote ni mlima. Sheffield haikuwaza migongo.

Msikitini naswali juu ya kiti, safu ya mwisho,
kati ya Bi Mwanakombo na magoti yake
na mwanamke wa Kisomali mwenye mimba.
Rukuu yangu ni ya kichwa.
Sijida yangu ni ya kichwa, chini kidogo zaidi.

Na shikamoo? Neno hilo lina miguu ndani yake.
Namwamkia Mama nikiwa wima kama askari wa zamu;
ananiitikia marahaba akiangalia juu.

Januari, mwezi wa nne tangu kisu,
barafu imelala njiani kama sabuni iliyosahauliwa.
Nashuka kununua maziwa, mwendo wa bata, mkono ukutani.
Mzee Ollerenshaw wa namba thelathini na tisa anapanda,
yeye kapindwa na umri, mimi nimenyooshwa kwa bisibisi.
Glavu yake ikaanguka.
Tukaitazama.
Akanitazama, nikamtazama,
glavu ikatutazama sote, ya sufu, ya kijivu, gumba juu.
Akaanza kucheka, kicheko chenye kikohozi;
nami nikacheka polepole, kwa mdomo tu.

Kisha nikafanya alivyonifunza Bronagh:
mguu mmoja nyuma, goti chini, mgongo usijue lolote,
nikashuka kama ndoo inavyoteremshwa kisimani,
hadi baridi ya lami ikapenya gotini.
Nikawa miguuni pake. Kiatu kimoja kilikuwa kimetiwa gundi.
"Shikamoo," likanitoka lenyewe.
Akasema ahsante mpenzi, hakuelewa, akavaa glavu yake.

Kuinuka ndiko kazi.
Akaninyooshea fimbo, nikaishika;
mti hauendi ila kwa nyenzo,
na sijui hasa nani alimwinua nani,
maana naye aliyumba.

Nikanunua maziwa ya lita moja, si mbili.
Wakati wa kurudi mgongo uliuma, palepale, kushoto,
kama jirani anayebisha hodi kuuliza tu kama kuna mtu.
Yupo, nikasema. Anapanda mlima. Subiri.