Kura Tatu Zilizozidi

"Jumamosi, saa nne,
wanachama tuonane,
ili chama kijione
kilivyoshindwa kwa kura."

Kumbi tulizozoea
Malindi zatukimbia,
tukaomba chekechea
ya Maweni, ya Zuhura.

Viti vyake vya watoto,
rangi nyekundu ya moto,
tukakaa, tu wazito,
magoti yagusa sura.

Ukutani kuna tembo,
amechorwa bila tumbo,
siku za juma zi kombo,
saa haina majira.

Ndicho chama chetu, Kinu,
tulisema, "Hiki chenu,
twangeni nafaka zenu."
Sasa twatwanga hasara.

Leso zilizobakia
uvungu zimeujaa,
mwenyekiti anang'aa
ndani ya mji, duara.

Moja nimeidekia
jikoni, sikumwambia,
nyingine nafunikia
ndoo ya kutia kura.

Bwanaheri kasimama,
akasema, "Nimekwama,
nawarudishia chama
na muhuri na bendera."

Muhuri ulikauka
tangu tulipoanguka,
mezani akauweka
kwa mfano wa kafara.

Wagombea wawili tu:
Ngowa, fundi wa viatu,
na Bi Umukheri, mtu
mwenye jibu kila mara.

Kila mtu ana mwizi,
mwezi wa nne ni kazi
ya kulia bila chozi:
"Wametuibia kura!"

Barani walitunyima,
Muyeye wakatusema,
Shela tulikuwa nyuma,
Ngala sita ndizo kura.

Tukakata daftari
vipande vya mistari,
kila mmoja kwa siri
akatumbukiza kura.

Watu ni arubaini,
wamo wote kitabuni.
Nikahesabu. Jamani!
Zimezidi tatu kura.

Nikarudia: ni tatu,
wino mwekundu, ni mtu
wa humu humu, wa kwetu,
siye karani wa kura.

Kimya kama cha matanga,
macho yote tumefunga,
mmoja leso apunga,
ile ile yenye sura.

Umukheri kainuka
na kiti kikamshika,
akacheka, tukacheka,
zikapungua hasira.

"Basi," kasema, "tutoke,
kila mtu aoneke,
wanaume, wanawake,
mgongo uwe ni kura."

Wazee wakashituka,
mlolongo wakumbuka:
mrefu ukaanguka,
mfupi ukala kura.

Lakini tukatoka tu,
jua li vichwani mwetu,
na bembea bila mtu
ikayumba kwa subira.

Kumi na tisa kwa Ngowa,
kwa Bi, idadi ni sawa;
na Bwanaheri tukawa
tumesaliwa na kura.

Akanitazama. Nami
naona wino (hasemi)
chandani mwake. Ulimi
ulinata. Zile kura!

Zote tatu, jina lake,
aliyesema atoke;
moyo wake uridhike
kuliona kwenye kura.

Kofia akaivua,
taratibu akatua
nyuma ya Bi, kwenye jua,
wa mwisho, bila ishara.

Nikamfuata nyuma.
Kwa haki au huruma?
Mpaka leo hupima,
sijui sababu bora.

Karatasi tatu zile
nimezifunga, zilale
pindoni mwa leso ile
kama senti za dharura.

Jumatatu, chekechea,
muhuri ulisalia;
mtoto ameutia
mate, apiga duara.

Tembo yule wa ukuta
tumbo sasa amepata:
kinu cha mate, chanata.
Zuhura ana hasira.